Mtoto wa Jinja Katika Mitaa ya Ginza

Nilipomwambia mama kwa simu kwamba Jumapili nitashinda Ginza, mtaa wa maduka jijini Tokyo, aliuliza nimerudi Jinja, mji wetu wa Uganda, lini bila kumpa taarifa. Simlaumu, kwani hata Wajapani niliokuwa nao kwenye mafunzo Tokyo walitatizwa na majina hayo: kwao "jinja" ni hekalu la dini ya Shinto, hivyo nilipojitambulisha walinitazama kama mtu aliyedai kuzaliwa madhabahuni. Ginza nayo ilipata jina kutokana na karakana ya sarafu za fedha iliyoanzishwa hapo mwaka 1612, na Kiswahili chetu, chenye neno moja kwa madini hayo na kwa pesa, kinalieleza eneo hilo vizuri kuliko lugha nyingine ninazozijua.

Nilitoka kwenye stesheni ya chini ya ardhi saa sita ikikaribia, nikajikuta kwenye njia panda kuu, mbele ya mnara wa saa wa jengo la Wako, uliopo tangu 1932. Saa sita ilipotimia, barabara kuu ilifungwa kwa magari, desturi iliyoanza 1970 kwa siku za mwisho wa juma, viti na miavuli ikapangwa juu ya lami, na watu wakashika katikati ya njia bila haraka. Mimi niliyezoea kuvuka barabara za Kampala nikihesabu bodaboda kushoto na kulia, nilikaa pembeni kwa muda kabla ya kuiamini lami hiyo.

Katika duka la Mitsukoshi nilitaka kitu kidogo tu, hankachifu ya mama. Nilikuwa nimejiandaa kuuliza bei ya mwisho, swali ambalo kule Kikuubo, soko letu la Kampala, nusura litangulie salamu, lakini utulivu wa mahali pale ulinifunga mdomo, nikaweka noti zangu kwenye kisinia kidogo kilichosogezwa mbele yangu. Ndipo dada muuzaji alipoanza kazi niliyoishangaa kuliko bidhaa yenyewe: alikilaza kiboksi mshazari juu ya karatasi, akakizungusha huku akikunja pembe moja baada ya nyingine, kila mkunjo ukiangukia pale ulipotakiwa, kisha akafunga kazi yote kwa kipande kimoja cha utepe wa gundi na kunikabidhi kwa mikono miwili. Hankachifu ilikuwa ghali. Ufungaji ule, kwangu, ulikuwa wa bure.

Chakula cha mchana nilikila kwenye uchochoro wa nyuma, ambako seti ya nyama ya nguruwe ya kukaanga, wali, supu ya miso na kabeji iliyokatwa nyembamba kama uzi huuzwa kwa bei nafuu kuliko mlo wa jioni. Itoya, duka la vifaa vya kuandikia lililofunguliwa 1904, lilinimalizia saa nzima na yeni ambazo sitazitaja hapa.

Nilichokifuata hasa kilikuwa Kimuraya, duka la mikate lililo jirani na jengo la Wako, walikobuni mwaka 1874 mkate mdogo wa mviringo uitwao anpan, uliojazwa maharage yaliyopondwa na kutiwa sukari. Mwaka uliofuata walimwandalia Mfalme Meiji ule wenye ua la mcheri lililohifadhiwa kwa chumvi, likiwa limekandamizwa katikati kama kitovu. Nilinunua miwili ya aina hiyo, nikaketi kwenye kiti katikati ya barabara. Mtu aliyelelewa kwa kikomando, chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharage ya chumvi, hupata shida kidogo ulimi wake unapokutana na maharage matamu. Tonge la kwanza nililimeza kwa adabu, la pili likanigusisha chumvi ya lile ua, na hapo nikaelewa.

Mkate wa pili nilikuwa nimemkusudia mama, ingawa nilibakiwa na siku nne kabla ya kupanda ndege. Wahudumu walipokuja kukusanya viti saa kumi na moja, giza la Novemba likiwa limekwisha ingia, mkononi mwangu ilikuwa imebaki karatasi tu.