Kalori 1,550 za Mama

Mwaka 2019 mama yangu alikuwa na miaka 54, kilo 92, na presha iliyokuwa inapanda hata akiwa amemeza dawa. Daktari alimwambia apunguze uzito. Apunguze vipi, hakusema. Foleni nje ilikuwa ndefu. Wiki hiyohiyo mwanamke mmoja aliyekuwa akipita kwenye mabanda ya chakula akiuza unga wa kupunguza mwili akamwandikia kwenye kikaratasi: kalori 800 kwa siku. Chini yake akaorodhesha vikombe viwili vya huo unga wake, tango, na yai moja la kuchemsha.

Mama alikuwa anauza chakula Tabata, jirani na gereji. Aliamka saa kumi alfajiri, akasimama mbele ya majiko mpaka alasiri. Ile 800 aliishika kwa uaminifu wote, kama anavyoshika kila jambo. Haikupita wiki, binti anayemsaidia akanipigia simu: mama amekaa kwenye ndoo, jasho linamtoka, anasema anaona giza, na wali unaungua. Nilikwenda mbio. Alipopata uji na kutulia, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama ule uji utaharibu hesabu ya siku. Nilikichukia sana kile kikaratasi, na mpaka leo nakichukia. Mtu alimwandikia mama yangu namba bila kumuuliza umri, bila kumpima urefu, bila kujua anashinda amesimama au amekaa.

Ndiyo maana asubuhi iliyofuata banda halikufunguliwa. Tulikwenda kwa afisa lishe, na asubuhi hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa sababu sijawahi kuona mtu akielezwa mwili wake kwa heshima vile.

Alikuwa kijana. Akaamka kwenye kiti, "Shikamoo mama," akamkalisha. Kitu cha kwanza alichouliza ni dawa. Mama akafungua kifuko: za presha tu. Akauliza kuhusu kisukari, akaeleza kwa nini anauliza: mgonjwa anayechoma insulini au anayemeza baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, akipunguza chakula ghafla bila dawa zake kuangaliwa upya, sukari inaweza kushuka mpaka akazimia. Kisha akampima urefu mwenyewe, viatu nje, visigino vimegusa ukuta. Sentimita 160.

Akachukua karatasi, akaigeuzia upande wa mama, wala si upande wangu mimi niliyekuja na kalamu na daftari. Uzito mara 10: 920. Urefu mara 6.25: 1,000. Jumlisha. Umri mara 5 ni 270, hiyo unaitoa. Kwa mwanamke unatoa tena 161. Angekuwa mwanamume tungeongeza 5. Ikabaki 1,489.

"Mama, hizi ndizo kalori ambazo mwili wako unatumia ukilala tu kitandani kutwa nzima. Moyo unapiga, mapafu yanavuta hewa, figo zinachuja, ubongo unafanya kazi, joto la mwili halishuki."

"Bila kufanya kazi yoyote?"

"Bila hata kunyanyua mwiko."

Mama akaniangalia. Nilijua anachowaza: 800 na 1,489. Kile kikaratasi kilikuwa kimempa nusu tu ya kinachohitajika na mtu aliyelala, halafu kikampeleka akabebe sufuria.

Afisa akaendelea. Hiyo 1,489 inazidishwa kulingana na shughuli za mtu: 1.2 kwa anayeshinda amekaa, 1.375 kwa mwenye shughuli nyepesi, 1.55 kwa mwenye shughuli za wastani. Hapa walibishana kidogo. Mama alisema kazi yake si nyepesi hata siku moja, na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kijana hakumkatalia. Alimuuliza anatembea kiasi gani, maji anachota nani, magunia ya mkaa anabeba nani. Ikaonekana kwamba anasimama sana lakini mahali pamoja, na mizigo mizito inabebwa na vijana. "Uchovu wako ni wa kweli, mama. Ila miguu iliyosimama haichomi sana kama miguu inayotembea." Wakakubaliana 1.375, ikaja 2,047. Akila kiasi hicho anabaki na kilo zake 92. Akatoa 500, akazungushia duara: 1,550.

Baadaye nilisoma kwamba kanuni ile ilichapishwa mwaka 1990, inaitwa ya Mifflin na St Jeor, na kwamba kwa watu wengi jibu lake hukaribia ukweli kwa tofauti isiyozidi asilimia 10 hivi. Kijana alikuwa ameshatuambia hilo kwa lugha nyingine: namba hii ni pa kuanzia, mizani ndiyo itakayotuambia baada ya wiki chache kama tuishushe au tuipandishe.

Kuhusu hiyo 500, alifafanua kwamba kilo moja ya mafuta ya mwilini ina karibu kalori 7,700. Ukipunguza 500 kila siku, kwa wiki ni 3,500, kwa hiyo tegemea takribani nusu kilo. Wiki za mwanzo inaweza kushuka zaidi, lakini sehemu kubwa ya hiyo ni maji, asiifurahie kupita kiasi. Baadaye itapungua kasi, na hapo asiogope. Akapiga hesabu upya mbele yetu kwa kilo 80: mwili uleule, kazi ileile, ungehitaji karibu 1,880 badala ya 2,047, maana mwili mwepesi hutumia kidogo. Watu wengi hufika hapo wakadhani wamerogwa au chakula kimewakataa, kumbe namba yao ya zamani imepitwa na wakati. Na anayejinyima sana, alisema, anapoteza misuli pamoja na mafuta. Ndiyo maana alitaka kila mlo wake uwe na maharage, dagaa, samaki au yai.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya mapaja. Kisha akauliza swali ambalo naona ndilo hasa la mtu anayepika:

"Sasa mwanangu, hizo 1,550 ni vijiko vingapi?"

Kijana akavuta kitabu kutoka kwenye droo. Ilikuwa jedwali la virutubisho vya vyakula vya Tanzania, lililotolewa mwaka 2008 na Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe pamoja na Chuo Kikuu cha Harvard. Humo kuna unga wa mahindi, mchicha, dagaa. Nilifarijika mno. Nilikuwa nimejiandaa kusikia oti na brokoli. Akasema gramu moja ya wanga au ya protini inatoa kalori 4, gramu ya mafuta 9, kwa hiyo twende nyumbani tukapime kwanza mafuta, vingine baadaye.

Jumapili nikaazima mizani ndogo kwa binamu yangu anayeoka keki. Mama akaandaa mchicha wa watu watano. Nikamwomba amimine mafuta ya alizeti kama anavyomimina siku zote, ila ayamimine kwenye kikombe cha kupimia badala ya sufuria. Aliinamisha chupa bila kuangalia, akizungumza nami, mkono ukizunguka ule mzunguko wake mmoja na nusu wa kila siku, kisha ukasimama wenyewe. Tukainama wote wawili. Mililita 150. Kwenye mizani gramu 138, mara 9: zaidi ya kalori 1,240, kwenye mboga ambayo yenyewe bila mafuta haifiki hata 100. Kila sahani ingebeba karibu 250 za mafuta peke yake.

Mama alikishika kile kikombe, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakaa nacho muda. "Na hapa nasema nimeweka kidogo," alisema. Alirudisha mengi kwenye chupa, akabakiza vijiko vinne vya chakula, akaongeza nyanya na kitunguu. Tulikula. Mchicha ulikuwa mchicha.

Ugali ulikuwa na kazi zaidi kwa sababu maji yanaongeza uzito bila kuongeza kalori. Tulipima unga mkavu, gramu 750, kama kalori 2,700. Ukasongwa, ukatoka gramu 2,200. Kwa hiyo kila gramu 100 za ugali ule zilikuwa na karibu 123. Donge alilozoea mama lilikuwa gramu 450, yaani 550 na kitu. Akakata gramu 300, nafasi iliyobaki akajaza maharage. Chai nayo: vijiko vitatu vilivyojaa sukari, vikombe vitatu kwa siku, karibu 200. Halafu kule kuonja kwa siku nzima bandani, kipande cha chapati, mchuzi wa nyama, andazi lililovunjika. Hatukuweza kukupima, nami sikutaka kumkataza. Mpishi asiyeonja anapoteza wateja. Tukakubaliana aonje kwa ncha ya kijiko, na tukaweka 100 za kuonja kila siku kabla ya kitu kingine chochote.

Jioni hiyo akakumbuka Jumamosi kuna harusi ya mtoto wa shoga yake, na akanyong'onyea. Nikaanza kumwambia atakula kidogo tu. Akanikatiza. Aliomba daftari. Mama aliishia darasa la saba, lakini ameendesha mtaji wa chakula miaka yangu yote, na pale ndipo nilipomwona akiichukua ile namba kutoka mikononi mwa wasomi akaifanya yake. Alizidisha 1,550 mara 7: 10,850. Akatenga 2,300 za siku ya harusi. Zilizobaki 8,550 akazigawa kwa siku 6, akapata 1,425. "Ndiyo hesabu ya mchele," alisema. "Siku ya mshahara gereji wanamaliza sufuria mbili, siku ya mvua inabaki. Mimi sihesabu siku, nahesabu wiki." Jumamosi alikula pilau na kachumbari, nyama vipande viwili, akanywa maji, akacheza taarabu mpaka viatu vikamuuma.

Wiki zilizofuata uzito ulianza kushuka, taratibu kama tulivyoambiwa, na kichwa hakikumzunguka tena. Vidonge vya presha aliendelea navyo. Hayo alimwachia daktari.

Majirani wa bandani wakaanza kuuliza. Mmoja wao, mwembamba kuliko mama na mdogo kwake kwa miaka mingi, alikuja na kalamu anakili ile 1,550. Mama akafunika daftari kwa kiganja.

"Hiyo ni ya kwangu, mdogo wangu. Vua viatu usimame ukutani kwanza, nikupime urefu."

Na akampima, kwa futi ya fundi cherehani wa jirani, huku wali ukichemka.