Droni ya 4G kupoteza mawasiliano ikiwa angani: jinsi nilivyotatua

Mezani kila kitu shwari. Ikishapaa, modemu ya 4G inajitoa kwenye USB. Wengi hukimbilia kubadilisha antena. Kabla ya hapo, endesha `vcgencmd get_throttled` kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo ndani ya droni iliyochomekwa modemu). Jibu likiwa 0x50000, volteji ilishuka wakati fulani tangu iwashwe.

Mtandao ukiwa dhaifu, modemu hurusha kwa nguvu zake zote na kuvuta hadi ampea 2 kwa mkupuo. BEC (kifaa cha kushusha volteji ya betri) ya 5V 2A inayolisha pia GPS na risiva haiwezi kuhimili.

Nilifunga BEC ya pekee ya 5V 5A kwa ajili ya Pi na modemu, moja kwa moja kutoka kwenye betri, nyaya nene na fupi, na kapasita ya 1000 µF karibu na modemu. Kutoka kwenye Pi kwenda kwenye kidhibiti cha urukaji zilibaki nyaya za TX (kutuma), RX (kupokea) na GND (hasi) tu. 5V za BEC hiyo na za kidhibiti zisikutane kamwe.

Laini za simu kwa kawaida hazitoi IP ya umma (anwani inayofikika moja kwa moja kutoka nje), kwa hiyo droni ndiyo ipige hodi kwenye seva kupitia WireGuard (programu ya VPN), na `PersistentKeepalive = 25` ili njia ibaki wazi kwa kutuma ishara kila sekunde 25. Kwenye ArduPilot Copter (programu ya kidhibiti cha urukaji) weka `FS_GCS_ENABLE = 1` droni irudi nyumbani mawasiliano na kituo cha ardhini yakikatika. Jaribu mezani kwanza, propela zimevuliwa.