Mwenyekiti ataka pointi, mimi nina madogo: nilivyoiendesha timu yetu ya hoki

Nilipopewa timu wakongwe karibu wote walikuwa washaondoka, wengine kazi Nairobi, wengine Dubai na Doha huko, nikabaki na wachache tu pamoja na kundi la vijana waliotoka skuli juzi juzi, stiki wanajua kushika lakini mechi ya watu wazima hawajaionja. Mwenyekiti naye hakunificha, akaniambia kocha, skuli ziko tele hapa Mombasa, hii ni klabu, sisi twataka pointi tusishuke daraja.

Sasa makocha wengi huwa dogo wanamkalisha benchi mpaka timu iwe imefunga tatu au imefungwa tatu, ndo wanamwingiza. Mimi hiyo siitaki kabisa. Mechi ishaisha hapo, hakuna anayemkaba kwa hasira, hakuna atakayemfokea akipoteza mpira, sasa atajifunza nini? Nikaamua wangu wataingia matokeo yakiwa bado hayajulikani, ila dakika chache na kazi moja tu.

Na hoki yenyewe yakuruhusu, si kama futiboli. Sabu hazina idadi, mtu anatoka anapumzika anarudi tena, na mechi ni kota nne za dakika 15. Kwa hivyo kota ya kwanza na ya mwisho nilijaza wakongwe, ya pili na ya tatu madogo wanaingia wawili wawili, na kila dogo ana mkubwa karibu yake, yaani winga akiwa mtoto basi hafu wa nyuma yake ni mtu mzima. Tena namwambia mapema, mazoezi ya mwisho kabla ya mechi, wewe utaingia kota ya pili, kazi yako ni yule difenda wao wa kulia asitoke na mpira, mengine niachie mimi. Akijua mapema hashtuki.

Shoti kona, yaani ile kona ya adhabu wapinzani wanayopewa difenda wako akikosea karibu na goli, hapo ndo nilikuwa mkali. Mnaolinda pale ni watano tu pamoja na kipa, wengine wote wako nusu ya uwanja, na refa akishaitoa huruhusiwi kubadilisha mtu mpaka iishe, sasa ikikukuta umejaza watoto uwanjani umekwisha. Kwa hiyo hata kota za madogo nilihakikisha wanne wanaojua kutoka mbio kumkabili mpigaji wako ndani. Madogo hilo niliwafundisha polepole, kwanza kwa mpira wa tenisi, maana ule wa hoki ni mgumu kama jiwe, mama zao hawajui nilichowaepushia.

Kelele zilikuwepo lakini. Kuna wazee wetu wa pale pembeni ambao kila wiki lazima wakukumbushe kwamba Kenya ilimaliza ya nne Kombe la Dunia la 1971 kule Barcelona, enzi za kina Avtar Singh Sohal aliyeichezea Kenya, na hao hao ndo wa kwanza kupiga kelele "toa watoto hao!" pasi ikipotea. Wakongwe nao walinuna kutolewa, mpaka walipoona kota ya mwisho wana pumzi na wapinzani wanahema.

Nairobi nilipindua mpango wote. Sisi twacheza kwenye nyasi, City Park, uwanja wa hoki wa huko, ni tafu, yaani nyasi bandia, mpira unateleza kasi ile mbaya, na nikaona wakongwe wangu ndo wanaohangaika, wamezoea mpira unaodunda dunda, madogo wao miguu myepesi. Nikawaanzisha wao. Mwenyekiti alinipigia simu kabla mechi haijaanza, sikushika.

Ramadhani mazoezi tulisogeza usiku baada ya tarawehe, mbio hakuna, stiki na mpira tu, na wallahi mikono yao ilitengenea mwezi ule kuliko msimu wote.

Daraja hatukushuka, ingawa tulikuwa chini chini huko. Kinachonisumbua bado ni kipa, maana kipa huwezi kumpa kota moja ukamtoa bila kuwavuruga difenda wote, wa kwangu mkongwe goti limechoka na dogo anayemfuata ana mikono mizuri lakini hapigi kelele. Sa hii namwachia yeye mechi za kirafiki zote, na sharti ni moja, awapange difenda kwa sauti mpaka mimi nimsikie kutoka benchi.