Vichwa vya treni vya bei nafuu vya Lionel: kagua mota kabla ya rangi

Vichwa vya mvuke vya seti za kuanzia za Lionel, kampuni ya Marekani ya treni za kuchezea za umeme, hasa vya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hudharauliwa bure. Vilitengenezwa kwa wingi na vingi bado vinatembea. Ila ukikishika kimoja, kigeuze kwanza. Rangi iliyochubuka haikizuii kutembea. Mota mbovu inakizuia.

Angalia sana Scout, seti ya bei nafuu ya Lionel. Namba 1001 ya mwaka 1948 ina bodi ya plastiki, na 1110 iliyoifuata, ya 1949 hadi 1952, ina bodi ya chuma. Mota ya Scout imefungwa ndani ya kasha la plastiki na brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani ya mota) zimefichwa humo, kwa hiyo kuitengeneza ni kazi ya kuchosha. Kama haizunguki, nunua kichwa hicho kwa ajili ya bodi na magurudumu tu. Mota ya mabamba ya chuma, kama ya kichwa namba 1130, hufunguka kwa bisibisi. Jambo jingine: kiungio cha mabehewa ya Scout hakishikani na kile cha kawaida cha Lionel.

Kabla ya kulipa, omba kijaribiwe. Kilaze chali, gusa waya mmoja kwenye kiroli kinachopokea umeme wa reli ya kati, wa pili kwenye ukingo wa gurudumu, kisha pandisha transfoma taratibu kutoka volti 8 hivi. Kikinguruma bila kuzunguka, mara nyingi ni grisi iliyoganda kwenye gia au komuteta chafu, yaani sehemu ya shaba ya mota inayoguswa na brashi. Tahadhari: baadhi ya vichwa vya seti rahisi za miaka ya 1970 na kuendelea vina mota ya DC pekee (umeme wa mkondo mmoja), na transfoma ya zamani ya AC (umeme wa mkondo geu) huiunguza.

Kusafisha komuteta ndiko kunakofufua vichwa vingi. Toa bamba la brashi, lakini funika kwa kidole, kwani springi zake ni ndogo na huruka. Futa shaba kwa kitambaa chenye spiriti hadi ing'ae, kisha kwangua vumbi la kaboni katika mianya mitatu kwa kijiti cha meno. Mwanya uliojaa kaboni hupitisha umeme pasipotakiwa, mota ikapata moto na kukosa nguvu. Brashi zilizolowa mafuta zisafishwe. Zilizoisha zibadilishwe zote mbili.

Mafuta mepesi ni tone moja kwa kila ncha ya ekseli ya mota, grisi kidogo kwenye gia. Yakizidi hurukia komuteta, yakachanganyika na kaboni kuwa tope, na kazi ikaanza upya. Usisugue reli wala magurudumu kwa sufi ya chuma: nyuzi zake huvutwa na mota, zikasababisha shoti.

Kichwa chepesi cha plastiki kikiteleza kwenye kona, angalia kama kilikuwa na pete za mpira za kushika reli kwenye magurudumu. Ikiwa zimekauka, kata za zamani, safisha mfereji wake, vika mpya.