Jioni Tuliyobishania Hotuba ya Lucky

Katika kikundi chetu cha maigizo cha wanafunzi wa fasihi, nilipangiwa nafasi ya Lucky katika En attendant Godot (Kumngoja Godot), tamthilia ambayo mwandishi wa Ireland Samuel Beckett aliiandika kwa Kifaransa kati ya 1948 na 1949. Lucky ni mtumishi aliyefungwa kamba shingoni, abebaye mizigo ya bwana wake Pozzo bila kuitua hata anaposimama. Akiamriwa afikiri, lazima avikwe kofia kwanza. Ndipo humwaga hotuba ndefu isiyo na kituo wala mkato, inayoanza kama mhadhara wa teolojia, ikapitia tenisi na michezo mingine, na kuishia kwenye fuvu na mawe.

Jioni moja mazoezini, mwenzetu aliyeigiza Vladimir, mmoja wa wazururaji wawili wanaomngoja Godot, alipendekeza hotuba hiyo ipunguzwe, ibaki mistari michache. Hadhira ingechoka, alisema, na maneno yasiyo na maana hayapotezi kitu yakifupishwa. Wengine walimuunga mkono. Nilimgeukia mwongozaji wetu, aliyekuwa pia mwalimu wetu, nikamwambia, "Mwalimu, naomba usikubali kabla hatujaisikia yote."

Hakutoa uamuzi papo hapo, bali aliturudisha Paris ya Desemba 1896, ambapo tamthilia ya Ubu Roi ya Alfred Jarry ilifunguliwa kwa tusi lililoongezwa herufi moja, na ukumbi mzima ukachafuka kwa kelele. Kutoka hapo alitupeleka Zurich ya 1916, katika Cabaret Voltaire, ambako watu wa Dada, vuguvugu la wasanii waliopinga vita na sanaa ya mazoea, waliokimbilia Uswisi wakati Vita Kuu vikiendelea, walighani mashairi ya sauti tupu. Walikuwa wameona ufasaha wa viongozi na wasomi ukiwapeleka vijana kwenye mahandaki, wakakataa kuutumikia tena. Alitaka tuelewe kwamba lugha haikuvunjikia kinywani mwa Lucky kwa bahati mbaya. Ilikuwa imeanza kupasuka zamani, na kila vita viliupanua ufa.

Usurealisti, vuguvugu la sanaa lililotafuta ndoto na mawazo yaliyofichika akilini, aliugusia tu, ingawa mimi naona hapo ndipo penye tofauti inayostahili kushikiliwa. Mwaka 1924 kiongozi wake, André Breton, alitetea maandishi yanayotiririka bila kuchujwa na akili, na mtu akiisikia hotuba ya Lucky kwa haraka anaweza kuidhania kuwa ya aina hiyo. Sivyo hata kidogo. Nilipokuwa nikiikariri niligundua kwamba maneno "kwa sababu zisizojulikana" yanarudi tena na tena, na kwamba kila yanaporudi, hoja iliyotangulia imezidi kumomonyoka. Ni hotuba iliyojengwa kwa uangalifu mkubwa ili isikike ikibomoka.

Kisha mwalimu akafika kwa Albert Camus, mwandishi wa Kifaransa, ambaye mwaka 1942 alieleza kwamba ubwege, yaani hisia kuwa maisha hayana mantiki, huzaliwa pale kiu ya binadamu ya kupata maana inapokutana na ukimya wa ulimwengu. Maelezo hayo yameandikwa kwa nathari safi, yenye mantiki. Mhakiki Martin Esslin, katika kitabu chake cha 1961 kuhusu tamthilia za kibwege, alionesha kwamba Beckett na mwandishi mwenzake wa tamthilia, Ionesco, waliiacha mantiki hiyo, wakalifanya umbo lenyewe la mchezo libebe wazo. "Sasa," mwalimu alisema, "Lucky afikiri."

Nilivikwa kofia, nikaanza. Maelekezo ya jukwaani yanataka Vladimir na Estragon, mzururaji mwenzake, wasikilize kwa makini mwanzoni, kisha wanung'unike, na mwishowe wote, pamoja na Pozzo, wamrukie Lucky wakipiga kelele. Katika mazoezi ya nyuma, tuliporuka hotuba hiyo, mwenzangu aliyeigiza Vladimir alikuwa akiinyakua kofia kwa sababu tu kitabu kilimwagiza. Safari hii nilimwona akikunja uso, akageuka, akarudi, akaziba masikio. Na alipoivuta kofia, aliivuta kwa nguvu ya mtu asiyeweza kuvumilia neno moja zaidi.

"Ndugu yangu, isikatwe," alisema akihema.

Mwalimu aliongeza jambo moja tu: katika kitendo cha pili Lucky anarudi akiwa bubu, na hadhira isiyoisikia hotuba yote haiwezi kujua ni nini kilichonyamaza. Hotuba ikabaki nzima, na tukaendelea na kitendo hicho cha pili.