Ninavyozuia Skima ya Protini Isifurike Kwenye Tangi la Maji ya Chumvi

Skima ya protini ni kifaa kinachotumia viputo vya hewa kugeuza uchafu wa maji kuwa povu, linalopanda shingoni mwake hadi kwenye kikombe cha juu. Ikianza kumwaga maji kikombeni, mimi hutafuta rula kabla ya kugusa koki inayodhibiti maji yanayotoka kwenye skima. Napima kina cha maji kwenye chumba cha sampu (tangi la chini linalopokea maji ya tangi kuu) iliposimama skima, kwa sababu mafuriko mengi huanzia hapo. Skima nyingi za kuzamisha hufanya kazi kwenye kina cha sentimita 15 hadi 25, na kila aina ina kipimo chake kwenye kijitabu kinachokuja nayo. Maji ya nje yakipanda hata sentimita 2, bomba la kutolea maji hupata upinzani zaidi, maji yaliyo ndani ya skima nayo hupanda, na ule mstari ambapo maji hugeuka kuwa povu huingia shingoni. Hapo kikombe hujaa maji ya tangi yenye viputo, tena hujaa kwa dakika chache.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kufanya kina hicho kisibadilike. Kwenye sampu yenye kuta za kioo ndani, skima hukaa kwenye chumba ambacho kimo chake kinaamuliwa na ukuta unaofuata. Maji yanayopotea kwa uvukizi hupungua kwenye chumba cha pampu ya kurudisha maji tangini peke yake. Sampu isiyo na kuta haina faida hiyo. Humo kijazaji otomatiki chenye sensa, kinachoongeza maji matamu kufidia uvukizi, ni cha lazima, maana bila hicho skima italegea maji yanapopungua, kisha itafurika siku unapojaza kwa ndoo. Ikiwa chumba kina maji mengi kuliko skima inavyotaka, natengeneza kistuli kwa vipande vya bomba la PVC vilivyokatwa kwa urefu mmoja, na juu yake naweka wavu mgumu wa plastiki. Nikiwa na nafasi ya kuchagua, nakaa upande wa chini wa kipimo cha mtengenezaji: kwenye sentimita 15 hadi 25, naanzia 17 au 18. Skima iliyo juu kidogo hutoa povu kavu na huvumilia mabadiliko; iliyozama sana haina nafasi ya kukosea.

Kurekebisha koki ni kazi ya subira. Naifungua yote kwanza, naiacha pampu ifanye kazi, halafu naifunga robo mzunguko na kuondoka hadi kesho yake. Ninachotafuta ni mstari wa maji na povu kusimama pale shingo inapoungana na mwili, huku povu likipanda taratibu na kuacha uchafu wa kahawia iliyokolea. Ukizungusha koki kila baada ya nusu saa, unakimbizana na mabadiliko ambayo hayajamalizika.

Skima mpya ina tabia yake. Plastiki hutoka kiwandani na mafuta na vumbi, na mpaka ipate utando wake, povu halitulii. Naiendesha kwanza kwenye ndoo ya maji yenye siki, kikombe kimoja kwa kila lita 4, kwa saa chache, halafu naisuuza kwa maji matupu. Sabuni haiguswi kabisa, hata kwenye kikombe. Baada ya hapo huchukua kati ya siku chache na wiki mbili kutulia, na kipindi chote hicho koki yangu hukaa wazi.

Kuna vitu vinavyolifanya povu liwe na wazimu hata kama kina cha maji hakijabadilika. Dawa za kuondoa klorini zenye viungo vya kulinda ute wa samaki ndizo mbaya kuliko zote. Nyingine ni gundi ya epoksi ya kubandikia matumbawe, dawa za kuua sainobakteria (bakteria wanaotanda kama mwani), baadhi ya virutubisho vya amino asidi, silikoni ambayo haijakauka vizuri, na losheni ya mikononi. Hata kubadilisha maji kwa chumvi iliyochanganywa karibuni huweza kuamsha povu kwa saa kadhaa. Siku ninapotumia kitu cha aina hiyo nafungua koki yote na kutazama. Povu likizidi, natoa kikombe ili povu limwagike na kurudi kwenye sampu, huku hewa ikiendelea kuingia majini. Sipendi kuzima skima wakati wa dawa, kwa kuwa oksijeni inaweza kushuka wakati huohuo. Ikibidi kuzima, naweka jiwe la hewa. Dawa ikimaliza muda wake, nabadilisha asilimia 20 ya maji na kuweka kaboni (mkaa wa kuchujia maji), na kwa kawaida povu hurudi kwenye hali yake ndani ya siku moja au mbili.

Chakula cha kugandishwa hufanya kinyume, na hapa ndipo wengi hunaswa. Mafuta yake huvunja povu, na shingo hubaki tupu kwa saa moja au zaidi. Anayeona hivyo hufunga koki kidogo ili povu lipande. Mafuta yakishaondoka, povu hurudi kwa nguvu yake ya zamani na kukuta koki imebanwa. Povu likizama baada ya kulisha, au baada ya kuingiza mkono kwenye tangi, au baada ya kusafisha shingo, liache. Litarudi lenyewe.

Upande wa hewa husahaulika. Chumvi huganda mdomoni mwa mpira unaoingiza hewa kwenye skima, hewa hupungua, na pampu huvuta maji mengi kuliko hewa. Kila baada ya wiki chache nazamisha ncha ya mpira huo kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu yasiyo na chumvi, pampu ikiwa inazunguka, ivute yote na kuyeyusha ukoko. Kabla ya hapo nafungua koki, kwa sababu hewa ikirudi yote kwa mkupuo povu hupanda kuliko lilivyokuwa. Impela yenye sindano (gurudumu la pampu linalopasua hewa kuwa viputo) naitoa kila miezi mitatu hivi na kuiloweka pamoja na nyumba yake kwenye siki na maji, nusu kwa nusu, mpaka chokaa ilainike. Kagua pia bomba la kutolea. Sponji iliyofungwa hapo kuzuia viputo vidogo huziba polepole, na matokeo yake ni yaleyale ya kubana koki.

Umeme ukikatika, ni hesabu. Chukua tangi lenye uso wa sentimita 100 kwa 50. Kama maji hushuka sentimita 3 kabla ya bomba la kurudisha kuvuta hewa na kuacha kunyonya kinyume, hizo ni lita 15 zinazokwenda chini. Kwenye sampu iliyo wazi ya sentimita 60 kwa 40, maji hupanda zaidi ya sentimita 6. Skima iliyokuwa kwenye 18 sasa iko kwenye 24, na umeme ukirudi inawaka papo hapo kabla pampu ya kurudisha haijayapandisha maji. Ninatoboa tundu la milimita 5 kwenye bomba la kurudisha, chini kidogo tu ya uso wa maji ili livute hewa mapema, na kulisugua mara kwa mara maana mwani na konokono huliziba. Kisha naunganisha skima kwenye swichi yenye taima inayoichelewesha dakika 10. Pampu ya kurudisha ikizimwa kwa ajili ya kulisha, skima nayo lazima izimwe, kwa sababu hiyohiyo.

Hata ukifanya yote haya, panga kana kwamba itafurika. Kikombe changu kina mpira unaoshuka bila kujipinda mpaka kwenye dumu lililo chini yake. Kifuniko cha dumu kina tundu la kutolea hewa; bila tundu hilo hewa hunaswa, mpira haushushi kitu, na kikombe humwagika kupitia kifuniko chake chenyewe. Ndani ya dumu kuna swichi ya boya ya volti 12 inayokata umeme wa skima kupitia rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) dumu linapokaribia kujaa. Bila hiyo, skima humwaga maji ya chumvi nje huku kijazaji otomatiki kikiongeza maji matamu ndani, na sampu inaonekana sawa kabisa wakati chumvi inashuka. Mfumo wa lita 200 ukipoteza lita 10 kwa njia hiyo, chumvi hutoka sehemu 35 kwa elfu hadi 33.25. Ndiyo maana dumu langu halizidi lita 5 kwa mfumo wa ukubwa huo: likijaa lote, chumvi hubaki juu kidogo ya 34.

Mafuriko yakitokea, nazima skima na kijazaji kwanza, halafu napima chumvi kwa refraktomita (kipima chumvi kinachotumia mwanga) iliyosawazishwa kwa maji ya kipimo cha 35. Maji ya dumuni hayarudi tangini. Chumvi ikiwa imeshuka, nafidia uvukizi kwa maji ya chumvi yaliyochanganywa tayari badala ya maji matamu, nikipandisha kisichozidi sehemu 1 kwa elfu kwa siku, na kijazaji nakiwasha tena pale kipimo kinapofika 35.