Sabule imemeza nyumba

Mimi ni mpishi. Nyumba ninamopika, pale Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, Kenya, ndimo nilimozaliwa mwaka 1984. Ilikuwa ya babu yangu. Sasa inakodishwa kwa wiki, na mimi huingia asubuhi na kapu la samaki, nikamwamkia mlinzi, nikapitiliza jikoni.

Babu alifariki 1996 akaacha watoto saba. Mwenye kuijua mirathi anajua kilichofuata: nyumba ya mawe haikatwi mafungu kama mkate. Ami yangu mmoja alikuwa na deni Mombasa, shangazi alikuwa na mtoto wa kusomesha, na mnunuzi alikuwa keshafika, pesa mkononi. Mwaka 1998 tukahamia Wiyoni, mtaa wa mji wa Lamu. Fungu la baba lilitujengea vyumba vitatu vya mabati na kumnunulia mashine ya boti. Mashine ilikufa kabla sijamaliza shule.

Walionunua siwasemi vibaya. Shela ya utoto wangu ilikuwa na magofu mengi, mimea imeota ukutani, sisi watoto tukicheza kibe humo. Wageni waliyainua yale magofu kwa chokaa na boriti za mikoko, na mafundi wa nakshi waliokuwa wameanza kusahauliwa wakapata kazi hadi wakafundisha wana wao. Mimi mwenyewe nimelea watoto kwa kazi hii. Septemba na Oktoba 2011, wageni walipotekwa Kiwayu na kisha Manda, nyumba ilifungwa na mshahara ukakatika. Niliijua njaa mwaka ule. Anayesema wageni wasije, hakukaa Lamu wakati ule.

Lakini nyumba ya Kiamu, yaani ya asili ya Lamu, ilikuwa na hesabu yake. Nje kuna daka, viti vya mawe huku na huku. Hapo babu alikuwa akiketi baada ya alasiri, na kila apitaye alikuwa na haki ya kuketi naye. Ndani, mbali kabisa na mlango, ni chumba cha wanawake chenye zidaka, vishubaka vya ukutani, bibi alikopanga bakuli zake za kichina. Kwenye birika la choo tuliweka visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Na karibu na mlango kulikuwa na sabule. Sabule ni chumba cha mgeni. Atokaye Pate au Mombasa, hata baharia aliyekwama kwa kusi, alilala pale, akala vizuri kuliko sisi, akaondoka bila kuiona ndani. Hakuna aliyeona kwamba amebaguliwa. Mgeni alikuwa na heshima yake na wenyeji walikuwa na yao, na mlango wa katikati ulilinda zote mbili.

Sasa nyumba nzima ni sabule. Mgeni analala ndani, zidaka zimebeba mafuta ya jua na miwani. Kiwanda, yaani ua wa ndani, ambapo shangazi zangu walipaka hina na kukesha usiku wa harusi, kimechimbwa bwawa la kuogelea. Dakani anaketi mlinzi peke yake, na wazee wa mtaa hawaketi tena. Hakuna aliyewafukuza. Wameona haya tu.

Bwawa lile linaniuma kwa sababu nyingine. Maji tunayokunywa mjini Lamu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua ikinyesha mchanga huinywa, na maji matamu hukaa chini yakielea juu ya maji ya chumvi. Ukiteka kwa kiasi, mvua hurudisha. Ukivuta kwa pampu kupita kiasi, au ukijenga juu ya vilima vyenyewe, chumvi hupanda, na kisima kikishaingia chumvi kukirudisha ni kazi ngumu. Mimi najaza bwawa asubuhi, na jioni mama ananiambia, "Onda chai hii." Naonja. Ina chumvi.

Nayaandika haya kwa sababu wiki iliyopita dalali alikuja Wiyoni. Upande wa mama tuna kijumba kimebaki Shela, orofa moja, warithi watano. Dalali alimwambia mama kwamba hakuna kinachopotea, kwa kuwa kwa Katiba ya 2010 asiye raia hamiliki ardhi milele, hukodi tu, tena kwa muda usiozidi miaka 99. "Itarudi kwenu, mama." Mama ana miaka 68.

Nimewaomba ndugu zangu jambo moja: tusiuze. Orofa ya juu tuikodishe kwa wageni kwa mkataba mfupi, kodi igawanywe kwa mafungu ya mirathi, chini akae mmoja wetu. Na kama hatuaminiani, twende kwa kadhi tuulize habari ya wakfu wa watoto, maana kilichowekwa wakfu hakiuzwi wala hakirehaniwi, kizazi baada ya kizazi hula matunda yake. Wawili wamekubali. Wawili wanataka pesa, na mmoja wao ana mtoto hospitalini, kwa hiyo siwezi kumpandishia sauti.

Niliwasimulia habari ya shangazi. Mwaka jana, mwezi wa Maulidi, alishuka boti Shela kumzuru mwenzake, akapita kwenye ile nyumba. Nikiwa jikoni nikasikia sauti mlangoni: "Hodi! Hodi wenyewe!" Nikaijua. Mwanamke aliyezaliwa mle, akachezewa unyago mle, akaolewa mle.

Wageni walikuwa juu, hawajatoka. Sikuwa na ruhusa ya kumpitisha. Nikamwambia, "Karibu, shangazi," nikampeleka sabule, nikamletea chai na mahamri. Aliketi ukingoni mwa kiti, mkoba magotini, akautazama mlango wa katikati. Akauliza kama visamaki bado vimo birikani. Nikamwambia birika lilivunjwa, pamewekwa bafu.

Akamaliza chai, akanishukuru kama mtu anavyomshukuru mwenye nyumba, akatoka.